Kiti cha Meno na Saa za Mbuzi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua saa mbili kamili. Nimepanguza kiti. Nimepanga koleo. Benchi tupu, wiki ya tatu sasa. Na kiti chenyewe kizuri jamani, kinapanda na kushuka kwa kubonyeza tu! Kaunti ilikinunua baada ya akina mama wa hapa Kangeta kukiomba kwenye mkutano wa bajeti. Mimi nikatolewa kwetu Kiritiri nije kung'oa na kuziba meno. Mto wa kichwa bado una nailoni ya kiwandani. Wa kuuegemea hayupo.

Jumatano, 5 Machi

Barua kutoka Meru mjini. Afisa atakuja Ijumaa wiki ijayo kuona kama kiti kinatumika. Kisipotumika, kinahamishiwa mjini. Nimekasirika. Nimemsomea Sista Karimi, mkuu wa kituo chetu cha afya, akaguna tu. Akina mama warudi kupanga foleni mjini kwa sababu ya benchi langu tupu? Nailoni sibandui. Huenda ikahitajika njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga ni mimi! Nimekwenda sokoni kuuliza kwa nini watu hawaji. Baite M'Mwenda (ndivyo wanavyomwita mzee huku, Baite) anauza miraa, ile ya kutafunwa ikiwa mbichi. Shavu limevimba kama ameficha kiazi, lakini hakuacha kufunga vibunda vyake kwa majani ya mgomba.

"Daktari, asubuhi hapa hakuna mtu ako na meno. Tuko na mikono pekee. Gari ya miraa ikishaenda saa saba, ndio jino inaanza kuuma."

Kwetu mtu akishafungulia mbuzi asubuhi, ana nafasi. Nimeleta saa za mbuzi kwenye nchi ya miraa! Kuanzia Jumatatu, kliniki ni saa nane hadi saa kumi na mbili. Sista amekubali.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi na wanne! Wa kwanza Baite. Jino limetoka na mizizi yake yote. Mkono unaniuma, nacheka peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Afisa amefika saa nne asubuhi. Saa nne! Benchi tupu. Akaandika. Akaandika tena. Nikamwomba asubiri gari liondoke. Sista akampa chai, kisha uji, kisha chai tena. Saa saba tukasikia honi sokoni. Saa nane haijafika, watu wamejaa hadi uani, vipande vya majani ya mgomba bado nguoni. Akina mama wakamzunguka afisa, wakamweleza ni nani aliyeomba kiti hicho, na mwaka gani. Akachana karatasi ya kwanza, akaanza nyingine. Nilitaka kumkumbatia. Nikavaa glavu.

Jumanne, 18 Machi

Barua imekuja. Kiti kinabaki. Mvua tangu alfajiri, kituo kimetulia. Nimebandua nailoni, nikaitupa. Kisha nikakaa kitini mwenyewe, nikaegemeza kichwa, nikingoja saa nane.