Kikanyagio Hiki Sicho

Johannesburg, 15 Desemba

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa simu, barua ya posta haitawahi. Goti limeacha kukusumbua? Sisi wazima, ila mimi nimechoka kama nguo iliyokamuliwa.

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Lusikisiki kwa wakwe zangu, siku nzima garini. Baba mkwe, aliyekuja huku kutibiwa macho, atakaa kiti cha nyuma katikati ya Litha na Mivuyo. Jana nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia mume wangu: "Watoto wa mjini hawana adabu. Litha ametimiza sita, abaki kwangu, Januari aanze shule kijijini. Nitawatazama safarini, tukifika nitaamua."

Mume wangu akajibu, "Ndiyo, Baba." Ndivyo anavyojibu hata akiulizwa achague chai au kahawa.

Mama, mwanangu simwachi. Lakini nitawatulizaje siku nzima mbele ya hakimu? Na lile jina la baba mkwe, nisiloruhusiwa kulitamka, unalijua, ndilo neno ninalolihitaji safarini kuliko yote.

Binti yako,
Nozuko

Gcuwa, 15 Desemba

Mwanangu Nozuko,

Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Wajukuu wangu nawabusu.

Chakula usiwape kwa njaa, wape kwa miji: kila mji yai moja la kuchemsha, nusu kwa huyu, nusu kwa yule. Ng'ombe wote wa dirisha la kushoto ni wa Litha, wa kulia ni wa Mivuyo. Wahesabu.

Jina mimi naweza kuliandika, sikuolewa huko: Ndlela. Yaani njia! Aliyempa hakuwafikiria wakamwana. Lakini wewe ni mke wa pale, na mke hatamki jina la baba mkwe wala neno linalofanana nalo. Sema "kikanyagio". Si hukanyagwa? Ukiteleza mara moja tu, atasema mama wa namna hiyo atamfunza mtoto nini.

Mama yako

Harrismith, 16 Desemba, saa tatu asubuhi

Mama, umeamkaje? Nakuandikia haraka hapa kituo cha mafuta. Mivuyo amelia kilomita arobaini: ng'ombe wake mweusi amebaki nyuma, anataka turudi tumchukue. Litha anadai wake ni mia mbili na kwamba Babu amewakalia.

Lile neno nimeligeuza mchezo: anayelitaja anakosa yai. Babu mwenyewe amelitaja mara tatu, kakosa mara tatu. Hakucheka. Sijui anafurahi au ananiwekea makosa kiporo.

Binti yako

Gcuwa, 16 Desemba, saa tisa

Mwanangu, mmefika Kokstad? Mvua inakuja.

Mama yako

Gcuwa, 16 Desemba, saa kumi na mbili jioni

Nozuko, mbona kimya? Umelitaja?

Mama yako

Lusikisiki, 18 Desemba

Mama yangu,

Nisamehe, najua goti na moyo vyote vimekuuma. Tuko salama.

Tulipotoka kituo cha mafuta, Litha alisoma kibao kwa sauti: "Beth-le-hemu! Mama, tunaenda kumwona mtoto Yesu?" Kabla sijajibu, wote wawili wakaanza nyimbo za Krismasi. Mivuyo akamsahau ng'ombe. Babu akasinzia. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri gari lilikuwa na amani, na lilikuwa linakwenda kusiko, kwenye mji wa Bethlehemu badala ya Kokstad.

Nikasema polepole, "Baba Litha, kikanyagio hiki sicho."

Akatazama miguu yake. "Ndicho. Hiki cha mafuta, kile cha breki." Akakikanyaga zaidi.

"Si cha miguuni. Hiki tunachopita juu yake."

"Zulia?"

"Phumezo, tumepotea! Geuza."

"Dereva nani hapa? Watoto wametulia, na wewe tulia."

Kilomita hamsini, Mama. Neno limenikaa ulimini kama kaa la moto. Mwisho nikatoa ile sauti ninayomtolea Mivuyo akisogelea jiko: "Simamisha gari. Sasa hivi." Akasimamisha.

Babu akazinduka, akavaa miwani, akatazama nje. "Mbona hii siyo njia?"

"Yai! Yai!" watoto wakashangilia.

Akanigeukia. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kwenye kibao, Baba."

"Na neno hukulitaja."

"Sikulitaja, Baba."

Basi. Tukageuza, tukafika giza limeshaingia. Mimi safari nzima nilikuwa naiona sare ya shule ya Litha imetundikwa kwenye ukuta usio wangu.

Jana asubuhi akakusanya ukoo. "Huyu mdogo alimlilia ng'ombe kilomita arobaini," akasema. "Huyo ni damu yangu, hajaharibiwa na mji. Huyu wa kike amesoma kibao gari likikimbia. Aliyemfundisha aachiwe aendelee. Watarudi wote na mama yao."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa wasione machozi. Mume wangu naye akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

"Kaa chini, Phumezo," mzee akasema. "Wewe ndiye utakayebaki. Shule yetu inaandikisha Januari, na humu kuna mtu amepita kibao kikubwa kama mlango wa zizi."

Akajibu, "Ndiyo, Baba."

Binti yako,
Mama Litha