Jina Upande wa Kulia

Lefkochori,
4 Julai 1948

Mpendwa kaka Thomas,

Pokea salamu zetu zote. Hujambo huko Melbourne? Wifi Marigo na watoto wazima? Sisi tupo. Mama anasumbuliwa na magoti, na mbuzi wamebaki watatu.

Mdogo wetu Stergios yu hai. Nasema mapema usije ukasikia mengine kwa watu.

Unajua Mama hasomi, kwa hiyo karatasi ya majina anayoyaimba padri Jumamosi ya Wafu huiandika mimi: walio hai kushoto, marehemu kulia. Mwaka huu niliiandika mbiombio huku ngano ya sadaka ikiungua jikoni. Kosa nililigundua kanisani, Padri Anastasi alipoimba marehemu wetu: Zisis, Evanthia, Stergios. Wanawake wote waligeuka. Mama hakugeuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakati huo jeshi la serikali lilikuwa limempandisha Stergios mlima wa mpakani, wanaziteka ngome za waasi moja moja. Zipo nne. Kwa wiki mbili tulisikia mizinga tu, barua hakuna.

Alhamisi mchana akaingia uani, kapewa ruhusa ya siku mbili. Mbwa hakubweka. Hata hajakaa, akaniuliza, "Dada, Jumamosi ile asubuhi mlikuwa mnafanya nini?"

Waasi, alisema, wana bati walilolikunja la kupazia sauti, na kila siku huwatania: "Watoto wa mama, pandeni, tumewapikia maharagwe!" Jumamosi hiyo, chini ya ngome ya tatu, palikuwa kimya. Kisha mtu akaanza kuimba majina.

"Akamtaja babu, akamtaja shangazi, akanitaja mimi. Nikasema, hawa mbwa babu yangu wamemjulia wapi? Nikatoka shimoni nikamtukane."

Bomu kutoka ngome ya nne likaangukia shimo lile. Wenzake wawili walikuwa bado ndani. Wanajeshi walipoingia ngome ya tatu hawakukuta mtu. Waasi walishahama tangu jana yake, na majivu ya jiko yalikuwa baridi.

Nilimwonyesha karatasi. Akacheka kidogo. "We dada, hata kushoto na kulia hujui?" Chakula hakukigusa.

Jana amerudi mlimani, maana ngome ya nne bado. Nilishika kalamu nimhamishie kushoto, Mama akanizuia mkono. "Mwache hapo hapo. Kule juu wanatafuta walio hai."

Padri anasema ni dhambi. Naogopa, kaka, sikufichi. Lakini sikumhamisha.

Msalimie wifi, umbusu Zisis mdogo na Lenio. Mjomba Kitsos anakusalimu, na anakushukuru kwa koti.

Tena, Mama amesikia unataka kurudi vuli hii uje upigane. Ameniamuru nikuandike chini ya Stergios, nami nimekuandika. Mama wa Mungu awafunike nyote kwa vazi lake. Na Jumamosi ya Wafu, ukisikia jina lako linaitwa, usiulize ni nani. Toka tu hapo ulipo.

Dada yako akupendaye daima,
Vasilo