Pwani Yote Hukuwepo

Baba,

Mama amekaa eda. Nimeanza na hilo ili ujue kwamba nyumbani kwako tumekubali kuwa umekufa, hata kama serikali haijakubali. Amevua bangili na hereni, amejifunga kitambaa cheupe, na amekaa chumbani kwenu upande ule uliokuwa ukitundikia kanzu za wateja. Hatoki. Analia kwa sauti mpaka wapita njia wanasikia. Usihuzunike kusikia hivyo. Mwaka mzima alinyimwa hata hicho kilio.

Barua hii siifichi. Nimeiandika mchana, mlango wa duka uko wazi, na herufi ni kubwa za kutosha kusomwa na mtu wa usalama aliyevaa miwani myeusi.

Unakumbuka siku uliyoondoka. Jirani yetu Mukasa, yule fundi wa redio, alikuwa amechukuliwa na askari, na mtaa mzima wa Mengo ulikuwa unapita mbele ya kibanda chake kana kwamba hapakuwahi kuwa na kibanda. Ukasema utakwenda kambini kuuliza. Mama alikushika mkono. Ukamwambia, "Kuuliza si matusi, mke wangu." Ukavaa kanzu yako, ukaniachia sindano nimalizie shingo ya ile ya bwana harusi, ukaenda. Niliimaliza kabla ya magharibi. Wewe hukurudi.

Tulikwenda kukuulizia mpaka walinzi wa getini wakatuzoea. Mwishowe akaja sajini mmoja nyumbani, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akasema, "Bwana yako alikimbia. Sasa iko Mombasa, nakula samaki na bibi ingine." Akacheka. Wenzake wakacheka.

Wewe, Baba! Wewe uliyetapika kwenye basi la kwenda Jinja, ukaapa mbele ya abiria wote kwamba hutapanda tena gari la zaidi ya maili tano. Wewe uliyekuwa huli samaki kwa sababu, ulivyosema, miiba yake inakujua kwa jina. Kama wangesema umekimbilia Mbarara unakula ndizi, labda tungewaamini.

Lakini uongo wa mkubwa hauhitaji kufanana na ukweli, unahitaji tu kuogopwa. Wiki haikupita, wanawake wakawa wananyamaza Mama akiingia sokoni. Wengine walimpa pole ya mke aliyeachwa, ile pole yenye kicheko chini yake. Nilipokwenda kwa shekhe kumwomba akusomee na amruhusu Mama akae eda, aliangalia mlango kwanza kabla ya kuniangalia mimi. Akasema, "Binti yangu, serikali imesema yuko pwani, yuko hai. Nitamwambiaje mama yako akae eda ya mtu aliye hai? Mtu akisemwa yuko mahali, kwanza atafutwe mahali hapo." Alidhani amenifungia mlango. Nikamwambia, "Vema, shekhe. Nakwenda kumtafuta."

Aliyenichukua ni rafiki yako Mzee Farajalla. Najua ulivyokuwa ukimtania kwa Unubi wake, na yeye akikutania kwa ushonaji wako. Siku hizi watu wengi hawamsalimu, maana Wanubi wote wamewekwa kapu moja na wale wenye bunduki. Alikuwa anakwenda Mombasa na Peugeot yake kutafuta sabuni na chumvi, vitu ambavyo hapa sasa vimekuwa kama dhahabu. Nilipomweleza hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Barabarani wewe ni toto yangu. Mimi napeleka wewe kuolewa Mombasa." Basi kila kizuizi alishusha kioo, akawasalimu askari kwa Kinubi, akanielekezea kidole, nao wakaniambia hongera. Niliolewa mara nyingi sana kabla ya kufika mpakani Malaba.

Nilikwenda pwani nikiwa na hasira. Nilitaka kurudi niseme: nimetafuta, hayupo. Basi. Wala sikuwa na hamu ya kuona chochote.

Lakini ulikuwa umenijaza maneno tangu utotoni. Mababu zako walitoka pwani na misafara, wakafika Buganda na vitambaa na msahafu, nawe ukayasimulia maghorofa ya Bagamoyo na milango yake kama mtu aliyezaliwa ndani yake. Na hukuwahi kuiona bahari! Nilipoiona mimi, kutoka juu ya ngome ya Wareno pale Mombasa, nilikasirika upya. Walikutuhumu kwa safari uliyoiota maisha yako yote na hukuipata.

Mombasa tulifikia kwa binamu yako, Ammi Salimu, Mji wa Kale, kwenye kile kichochoro ulichokuwa ukiandika kwenye bahasha. Aliposikia habari aliketi chini mlangoni kama mtoto. "Angekuja angelala wapi kama si hapa?" alisema. "Mwanangu, hajaja. Wallahi hajaja." Akatutembeza nyumba zote za jamaa, chini ya zile roshani za mbao zinazokaribia kugusana, na kila nyumba jibu lilikuwa lile lile, na kahawa ilikuwa ile ile, chungu.

Ningeweza kurudi kutoka hapo. Farajalla alikwisha kupata sabuni yake. Lakini nilijua wangesema, "Hayuko Mombasa, basi yuko Tanga." Uongo wa namna hiyo huwa na miguu. Nikamwambia Farajalla nataka kufika kila nyumba ya pwani ambayo ungeweza kupokelewa. Alikuna kichwa. Kwenda Tanzania na namba ya Uganda, wakati wakubwa wa nchi hizi mbili wanatukanana redioni, si mchezo. Akaiacha Peugeot kwa Ammi Salimu, akaazima pikapu yake, akasema, "Wewe ni kama baba yako. Kichwa mawe." Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi.

Tukashuka kusini, tukapita mpaka, minazi upande huu, mkonge upande ule, mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka. Tanga tulimkuta shangazi yako Bi Mwanaidi, nyumba ya nyuma ya jengo kubwa la Wajerumani lenye rangi iliyobabuka. Macho yake hayaoni tena. Alinishika uso mzima kwa viganja, akasema, "Pua hii ya Rajabu weye. Mbona hukuja naye? Si yuko Pangani?"

Baba, hapo ndipo nilipopata habari za moyo wangu mwenyewe.

Alisema wavuvi wamemletea habari: Rajabu wa Uganda yuko Pangani, amepanga chumba ng'ambo ya soko, mtu mpole, hatoki sana. Nilitakiwa nikasirike. Nilitakiwa niseme haiwezekani, baba yangu hawezi kutuacha hivi. Badala yake nilisimama pale uani nikaomba. Niliomba uwe umetuacha. Niliomba awepo huyo bibi mwingine, na samaki, na watoto wapya, na aibu yote, nikukute umenenepa, unaogopa kuniangalia. Ningekusamehe papo hapo. Ningemwamkia huyo mwanamke kwa mikono miwili. Njia nzima ya Pangani Farajalla aliendesha kwa kasi ambayo ile pikapu haikuumbiwa.

Chumba tulikipata. Mlango ulifunguliwa kidogo, likatokea jicho moja. Hakuwa wewe. Alikuwa Rajabu kweli, na wa Uganda kweli, karani wa ofisi moja Kampala, mtu mfupi mwenye upara. Alitudhania watu wa usalama, akataka kupita dirishani. Farajalla akamwambia kwa Kiganda asiogope. Aliposikia Kiganda yule mtu aliweka uso ukutani akalia, na mimi nikalia, kila mmoja kwa lake. Nilimchukia kwa muda, nikwambie ukweli. Alikuwa amevaa jina lako na hakuwa wewe.

Alitupa chai. Akasema mke wake yuko Bukoto, na kwamba hakuna dereva anayeondoka Tanga kwenda bara bila kupewa salamu zake. Mke hupelekewa neno, hata kama ni neno moja tu. Kisha akanitazama, akasema polepole, "Dada, sisi tuliokimbia tunatuma salamu. Hata wakitukatazia, tunatuma. Baba yako angekuwa hai, mama yako angejua." Akanipa kanga nimpelekee mkewe.

Nikajua. Nilikuwa nikisema tangu mwanzo kwamba umekufa, lakini nilikuwa nikiwaambia wao. Pale Pangani niliambiwa mimi.

Farajalla alidhani tutarudi. Nikasema bado Bagamoyo. Hakuna jamaa aliyebaki huko, lakini ndiko mlikotoka. Tukazungukia bara mpaka Dar es Salaam, kisha tukaifuata barabara ya mchanga. Ulitudanganya, Baba! Maghorofa yako yana mbuzi ndani. Boma la Wajerumani limesimama na madirisha yake kama linasubiri mtu wa kuja kuamrisha, na hakuna anayekuja. Watu wanaanika samaki mahali walipokuwa wakipita magavana. Hilo lilinifurahisha kuliko ghorofa lolote. Wenye bendera na bunduki walidhani wamefika kukaa.

Nikaenda msikitini, nikasimama nje, nikamwita imamu. Kijana tu, ndevu hazijamkaa sawasawa. Nikamweleza kila kitu: kambi, sajini, Mombasa, Tanga, Pangani. Sikupunguza. Nilikuwa tayari kwa hoja, nimezipanga tangu Dar es Salaam. Aliniuliza jambo moja tu. "Jina la marehemu, na la mamake?"

Marehemu. Alilitamka hivi hivi, kama neno la kawaida, na mbingu haikuanguka. Nikamjibu: Rajabu, mwana wa Nuru. Baada ya sala ya adhuhuri akasimama, akawatangazia watu kwamba kuna ndugu aliyedhulumiwa Uganda, hana kaburi, anaombewa sala ya ghaibu. Hakuna aliyetoka. Wauza nazi, wavuvi, mzee mmoja aliyeongozwa na fimbo, watu ambao hawakukujua, walijipanga safu wakakusalia. Mimi niliketi nyuma nikakufa na kufufuka. Farajalla alisimama safu ya mbele. Ulisaliwa vizuri, Baba. Ulisaliwa mahali uliposema ni kwenu.

Njiani kurudi niliachwa tena na tena vizuizini, safari hii Farajalla akieleza kwamba mume amenikataa kwa sababu ya mdomo wangu. Askari waliamini bila tabu.

Mke wa yule karani nilimpelekea kanga yake Bukoto. Aliikumbatia akacheka kwa furaha, nami nikacheka naye, nikarudi Mengo kumwambia mama yangu kwamba yeye hana kanga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia sasa naenda kwa shekhe, nimefanya alivyosema. Mama akasema, "Usiende. Mume ni wangu. Eda ni yangu. Niliomba ruhusa kwa woga tu." Akaanza kuvua bangili palepale, zile zinazobana, kwa sabuni ya Farajalla. Mimi nikatoa mikeka, nikaitandika nje, barabarani kabisa. Nikaweka sufuria ya kahawa. Nikaketi peke yangu kwenye matanga yako.

Asubuhi yote hakuja mtu. Walipita, wakaona mikeka, wakaharakisha. Wa kwanza alikuwa mke wa Mukasa, Mkristo wa watu, hajui hata Fatiha. Aliketi, akanishika goti. Kisha akaja Farajalla. Kisha wale wa sokoni, mmoja mmoja, wakiinama. Alasiri mikeka ilikuwa haitoshi. Na shekhe alikuja, Baba. Hakuniangalia. Aliketi mwisho kabisa, akafungua msahafu, akaanza kusoma.

Na sajini akaja. Wenye kusoma walisita. Alisimama ukingoni mwa mkeka na viatu vyake, akauliza, "Nani alikufa hapa?"

Niliinuka. Sauti iliyotoka ilikuwa yako. Nikamwambia, "Rajabu, fundi wa kanzu. Ulituambia yuko pwani anakula samaki. Nimekwenda. Nimeingia kila nyumba. Hayuko. Kwa hiyo yuko kwenu. Ukipenda kumwombea, vua viatu uketi. Kama hupendi, unatuzibia mwanga."

Alituangalia wote, kama mtu anayetaka kukumbuka nyuso. Shekhe, kutoka kule mwisho, akaanza tena kusoma, kwa sauti kubwa kuliko ile ya mwanzo, na watu wakaitikia. Sajini aligeuka akaenda.

Anaweza kurudi. Sote tunajua hivyo, na Mama anajua. Usiku uliofuata Farajalla aliniambia nafasi ipo kwenye Peugeot, Ammi Salimu atanipokea, nisiwe mjinga. Nimemjibu kwamba binti wa Rajabu hakimbilii pwani. Pwani nimekwisha kwenda.

Lala, Baba. Sijui wamekulaza wapi, ubavu gani, wala kama kuna aliyekugeuza uelekee kibla. Nimekununulia sanda, imekunjwa vipande vitatu ndani ya sanduku lako la vitambaa, na karafuu maiti juu yake. Serikali hii itakwisha, kama zilivyokwisha zote, na siku hiyo nitakwenda na jembe mpaka watakaponionyesha. Nitakujua hata kwa mfupa. Nitakuosha kwa mikono yangu, na anayesema mwanamke hamwoshi babake aje anizuie.

Mwanao,
Zaituni