Sindano ya Jiwe Katika Kabureta Yako

Ondieki, mwenzangu wa jandoni,

Huko uliko najua hakuna posta, lakini hata ulipokuwa hapa Ekerenyo barua zangu ulikuwa huzijibu, basi hakuna kilichobadilika. Ukiona makosa ya herufi, kumbuka darasa la tatu tuliliacha siku moja, na aliyeruka dirisha kwanza ni wewe.

Nakuandikia habari za pikipiki yako.

Tangu tukuzike imekaa chini ya ghala la mahindi, kuku wanataga kwenye kiti. Majuzi mdogo wako alikuja, akaizunguka kama mtu anayechagua fahali, akasema kama haiwaki ataichukua aikatekate auze spea. Shemeji, mke wako, akakataa. Alisema ni ya Moraa, kifungua mimba wako, maana amepelekwa zahanati ya Nyamarambe kuzalisha akina mama, na nyumba za huko zimeachana mbali. Mdogo wako akacheka, eti mwanamke juu ya pikipiki. Wakaafikiana: ikiwaka kabla ya jua la Ijumaa kutua, ni ya Moraa. Isipowaka, ni ya msumeno. Sabato ikishaingia, unamjua mke wako, hataki kusikia hata mlio wa spana.

Nikafungua kabureta. Ondieki, nilikaa chini.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Ile sindano ya shaba, ile inayofunga petroli boya likipanda, ilipolika ncha ulikataa kununua nyingine. Ukachonga ya kwako kwa jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, kutoka kwa wajomba zako Tabaka, ukaisugua kwenye suruali wiki nzima, ukaniambia, "Chuma cha Mzungu kinaoza. Jiwe la kwa mama yangu halizeeki." Nilikucheka mpaka ukaninyima uji.

Sasa ndiyo hiyo mkononi mwangu. Nyembamba, laini, na alama upande mmoja pale kisu kilipoteleza ukatukana, ukasahau wewe ni mzee wa kanisa.

Sikia ujinga wangu. Niliisafisha, nikairudisha. Petroli ikamwagika ikalowesha suruali yangu. Nikaitoa, nikairudisha tena. Ikamwagika. Mara tatu, mtu mzima na mvi zangu, najua kabisa jiwe limelika na unga wake ndio umeziba jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, na bado narudisha. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa wimbi. Akaniambia polepole, "Shemeji, huyo amekufa. Weka mpya."

Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuniambia hivyo.

Basi Alhamisi nikashuka Kisii mjini kwa yule mzee Mhindi wa spea uliyegombana naye, yule aliyekuambia jiwe la Tabaka ni la kuchonga vinyago vya viboko. Hakuwa na habari kwamba umetutoka. Aliishika sindano yako kwenye mwanga, akaigeuza, akacheka sana. Nilipomwambia, akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yale, akanitafutia sindano, jeti na gasketi kwenye mikebe ya juu kabisa.

Ijumaa mchana Moraa akapiga kiki. Ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa kama wewe asubuhi. Ya tatu ikawaka, kuku wakatawanyika, na mdogo wako akakumbuka ghafla ana ng'ombe wa kukamua. Ile sindano yako shemeji aliichukua juu ya gunia, akaifunga kwenye pindo la leso.

Jumapili Moraa akaondoka. Mimi na shemeji tulisimama tukamtazama akiupanda ule mlima wa majani chai, moja kwa moja mpaka juu, mpaka mlio ukapotea. Mke wako akasema, "Baba yake alikuwa anashuka kwenye pikipiki hapo, anaisukuma."

Tulicheka, Ondieki.

Nakuahidi: kila mwezi, miguu ikikubali, nitakwenda Nyamarambe kuifungua kabureta hiyo kwa mikono yangu, na kikilika kitu nitaweka kipya bila kubishana na wewe. Kwaheri, mkaidi wangu. Pumzika. Kusukuma kumekwisha.