Mstari wa Mama Safari

Jumamosi

Kesho nitakwenda Mutuka kumwomba Mama Safari msamaha, ila sijui nitaanzia wapi.

Mwezi mzima nimemfundisha kusimama mbele ya kikundi chetu cha akina mama na kuongea akiwaangalia watu usoni. Nilimwambia uongozi si wa wenye maduka peke yao, hata mkulima anaweza. Leo akagombea uenyekiti.

Tukaambiwa kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Mama mkwe, kwenye mstari wa mwenye duka, akaniita, "Mama Glory, umeganda nini hapo? Njoo huku."

Nikaenda, mtoto mgongoni.

Nyuma ya Mama Safari hakusimama hata mmoja. Nilitegemea atainamisha kichwa. Aliniangalia usoni, kama nilivyomfundisha.