Upande wa Pili wa Kanda

Kwako mke wangu Swafiya,

Salamu nyingi. Natumai barua hii imekukuta umekaa kitako, chai iko karibu, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Huku Uingereza baridi imeanza tena. Natoka chumbani giza na kurudi giza, na kati yake nakunja mashuka ya mahoteli katika kiwanda cha kufulia nguo. Mikono imekauka kama ya fundi wa chokaa, lakini kazi ipo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimecheka na kuona haya papo hapo. Kosa ni langu. Nilipokurekodia ile kanda, upande wa kwanza niliweka salamu za jamaa wote, na upande wa pili nikanakili nyimbo ninazozipenda, nikidhani utazisikiliza peke yako chumbani. Nilisahau kwamba kwetu kanda ya salamu si ya mtu mmoja. Nawaona mlivyojaa sebuleni, mama na tambuu yake, shangazi Zena katoka mtaani kwake Buxton makusudi, jirani wa chini naye kajiketisha, kisha mkono wa mtu ukaigeuza kanda. Eti mama akauliza, "Wapigwa na nani hawa?" Na shangazi akamjibu, "Hawapigwi. Ni huyu mwanao kaingiwa na pepo. Mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani atapendaje haya?"

Mwambie mama sijaingiwa. Lakini swali lako wewe ndilo zito: watu hawa wanakupa nini ambacho sisi hatukupi? Nimekunja mashuka wiki nzima nikilifikiria.

Bendi zenyewe ni mbili. Moja ni ya vijana wanne wa mji huu, na jina lao kwa Kiswahili ni Misumari. Ya pili ina mwanamke anayeimba. Najua huyo ndiye aliyewatia wasiwasi, ila sijapata kumwona hata kwenye picha, basi ondoa shaka. Siku Denisi, dereva wa gari letu la mashuka, aliponiwekea Misumari mara ya kwanza, nilidhani redio imeharibika. Magitaa yanakwaruza, ngoma zinapigwa kama mtu aliyefungiwa nje anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa karibu kumwomba azime. Mara nikajikuta nalia, Swafiya. Mimi, ambaye siku ya kuagana uwanja wa ndege sikutoa chozi hata mama akaudhika. Denisi alinipa kitambaa cha kufutia vioo.

Kwa nini, sijui. Labda ni hivi, labda sivyo: kwetu mtu akiulizwa hali husema njema hata kama ana homa, lakini anayeuliza huketi, na baadaye homa hutajwa. Huku wanauliza huku wanapita. Sasa huyu kijana wa Misumari, ambaye sauti hana kabisa, anapiga ukelele kwamba amechoka, kwamba anapolala si kwake. Maneno mengine siyaelewi. Ila najiuliza, nani alimhadithia habari zangu? Kisha najilaumu, mtu mzima mimi, na baba alinifundisha Kurani kwa bakora. Nasali alasiri, nafsi inatulia. Naweka Misumari, inatulia tena, kwa namna nyingine. Hizo mbili hazigombani ndani yangu, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Umeniambia pasipoti yako imetoka, na wauliza uje lini. Kila ulipouliza nimekuzungusha, hata watu wakasema nina mke huku. Sina. Nina chumba chenye kitanda na jiko, na choo tunachoshirikiana wanaume watano. Katika kanda niliwaambia nina nyumba nzuri na mimi mzima, kwa sauti yangu mwenyewe. Kisha nikageuza upande wa pili, nikawaachia wageni waseme kweli. Sijui kama nilifanya makusudi.

Mimi si mzima. Sijui kama nikuite uje tubanane humu, au nirudi mikono mitupu, mtaa wetu wa Ndia Kuu mzima unitazame nikishuka na mfuko mmoja. Siku naamka nimeamua hivi, jioni nimeamua vile. Niandikie unavyoona wewe. Nitafuata.

Nambusu mama mkono. Nduguyo Fuadi mwambie viatu nimevipata, namba yake. Shangazi Zena umenieleza kwamba amewaita walimu wa chuo waje kunisomea dua Ijumaa. Usimzuie, wala usimweleze haya. Kaa nao, uitikie amina, maana katika nyumba hiyo ni wewe peke yako utakayejua ninaombewa nini.

Mumeo,
Athmani