Tofu, Kofu, Inofu

Eliya, binamu yangu, mtani wangu, mwenye miguu kama mabua ya mahindi,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, mimi ndiye niliyeshika jembe. Nilichimba kuliko wote, wazee wenyewe walisema, ingawa ulitusumbua mpaka mwisho: ilibidi tuongeze urefu wa shimo kwa ajili ya miguu yako hiyo.

Hii ni wiki ya saba tangu lori la kabichi lishindwe kona mkishuka Mombo, nawe umekaa juu ya mzigo kama mfalme. Mapeasi ya kwenu yameiva, yanaanguka yenyewe, hakuna wa kuyaokota. Kule Irente, penye mwamba, wanasimama vijana wapya kungojea watalii wa kuwaongoza kama tulivyofanya sisi, na Kiingereza chao, nakuapia, ni kibaya kuliko chetu. Mimi siendi. Nikifika kwenye ile mikaratusi nageuka.

Daftari lako ninalo. Ninao na ule mtindo wako wa kijinga, maneno yenye herufi zinazofanana, kila familia na ukurasa wake, kutoka ile kamusi isiyo na jalada. Ulisema maneno ni ukoo, ukimjua mmoja umewajua wote. Mimi niliyeikimbia shule kidato cha pili, na hasara wakapata wao, nilikuamini wewe uliyemaliza cha nne ukarudi mikono mitupu. Ukurasa wa "ight": light, mwanga, fight, pigana, tight, yenye kubana. Halafu ule ulioupenda, wa "ough". Tough, ngumu. Cough, kohoa. Enough, inatosha. Through, kupitia. Bough, tawi la mti. Nani kwetu amewahi kukwama maishani kwa kukosa Kiingereza cha tawi? Na yote uliyasoma kwa mwisho mmoja, tofu, kofu, inofu, thrufu, bofu, na nikikosea unanizaba kofi la kisogo. Yule bibi mzungu alipouliza njia ya mwambani ulimjibu kifua mbele, "Thrufu, mama! Thrufu bofu! Inofu!" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, kisha akatueleza taratibu kwamba kila moja lina mwisho wake: thru, bau, inaf. Ulimsikiliza kwa adabu zote. Alipoondoka ukaniambia, "Huyu naye hajasoma."

Haya. Nakucheka, unaona? Kwenye karatasi naweza.

Tuliwekeana tangu utoto kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtania msibani asibakize kitu. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ndivyo tulivyo kwetu; utani ni haki ya marehemu na ni dawa ya waliobaki. Nilijigamba kila jiko. Nilisema mama yako, Shangazi mwenyewe, atacheka, naye alikuwa hajanyanyua kichwa siku mbili, amebaki peke yake kwenye nyumba ile. Nikavaa koti lako la kijani, nikashika daftari, nikaingia uani kwa mwendo wako wa korongo. Watu wakaanza kucheka. Mchungaji akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Nikasafisha koo kama ulivyokuwa ukisafisha kabla ya somo, nikasema kwa sauti yako, "Haya, wa mwisho darasani, simama!"

Unajua mimi kwa kuigiza sina mpinzani. Hapo ndipo nilipoharibu.

Shangazi akanyanyua kichwa. Akasema, "Eliya, umerudi? Umekula?"

Ningesema, "Ni mimi, Shangazi, ni Yona." Maneno machache tu, hayahitaji hata kamusi. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikaitika kwa sauti yako, "Nimekula, mama."

Tangu siku ile ananiita kila Jumapili baada ya ibada. Hanitaji jina. Ananikalisha kwenye kigoda chako, ananivisha koti, anafumba macho. "Soma." Nasoma ukurasa wa ough na makosa yako yote, tofu, kofu, naye anatabasamu, anakula vijiko vitatu vya uji. Asiposikia, hali kitu. Mama anasema niache, ninachofanya si utani tena. Baba anasema niendelee, dada yake atakufa. Nimekonda mimi, mwili huu uliouonea wivu.

Jumapili iliyopita aliniuliza kama nina safari ya Mombo. Akanishika mkono wa koti, akaniambia, "Mwanangu, usipande juu ya mzigo. Kaa mbele na dereva. Niahidi." Nikamwahidi. Eliya, nilimwahidi kwa sauti yako, na wewe umelala kule juu shambani! Nikatoka nje nikatapika kwenye yale mapeasi yaliyooza.

Na kuna baya zaidi. Nikiwa peke yangu, nikitaka kukusikia, nasikia sauti yangu ikikuigiza. Sauti yako yenyewe siipati. Natafuta ulivyokuwa ukiniita toka ng'ambo ya bonde, natafuta hata ulivyokuwa ukitukana, napata mimi, mimi, mimi. Nimeitumia mpaka imekwisha.

Leo sina la kujivunia. Jumapili hii nitakwenda na shati langu. Nitapiga hodi kwa jina langu, nitamwamkia shikamoo Shangazi kama mtoto wa kaka yake, na akitaka maneno nitayasoma kwa sauti hii yangu ya debe. Huenda akanifukuza. Huenda akausukuma uji, na hapo sijui nitafanya nini, kwa kweli sijui. Wanasema atakufa. Mimi pia nadhani hivyo. Lakini mwanamke yule hajakulilia bado, Eliya, na anayemzuia ni mimi.

Nakuahidi hili moja: akinifukuza nitakaa kizingitini, na kesho yake, na siku ya pili yake, mpaka aniulize kama mimi, Yona, nimekula.

Lala sasa, mtani. Usiposikia ukiitwa Jumapili, ujue aliyeingia ni mimi.

Yona